Dawa Inayojua Saa ya Kuondoka

Watafiti waliokwenda Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kupima kumbukumbu za wazee waliona mapema kwamba vipimo vya Ulaya havitawafaa. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu huwezi kumwambia achore saa ya ukutani, kisha akishindwa ukaandika kwamba akili yake imepungua. Wakatengeneza kipimo kifupi kiitwacho IDEA. Mzee anapewa njiti nne za kiberiti azipange kama alivyoonyeshwa. Anataja wanyama wote anaoweza kuwataja kwa dakika moja. Anasomewa maneno kumi, na baadaye anaulizwa amebaki na mangapi. Anaulizwa leo ni siku gani, na kiongozi wa kijiji ni nani. Anaulizwa pia daraja ni nini.

Swali hilo la mwisho, ukilileta Rusumo, utachekwa. Hapa mto Kagera unaporomoka kwenye mawe na kuitenga Ngara na Rwanda, na maisha ya mji mzima yanategemea kuvuka. Daraja la zamani lilijengwa mwaka 1972, la njia moja, na lori likisimama katikati pande zote mbili zilingoja. La sasa, la njia mbili, lilizinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame Aprili 2016. Ni juu ya lile jembamba walikopita watu wapatao 250,000, kwa makadirio ya UNHCR, wakiikimbia Rwanda kwa muda wa takriban saa 24, tarehe 28 na 29 Aprili 1994. Mtu wa Ngara aliyewaona wakipita akiwa na miaka 40 leo amevuka 70. Huo ndio umri ambao kule Hai, katika uchunguzi wa mwaka 2010, zaidi ya wazee 6 katika kila 100 walikutwa na upotevu wa kumbukumbu uliofikia kuwa ugonjwa, na ugonjwa wa Alzheimer ukiwa chanzo kimojawapo kikubwa.

Nataka kuzungumzia ufundi wa watu wanaotengeneza dawa za ugonjwa huo. Ni ufundi wa kuzuia, na kwa mtazamo wangu hakuna kazi ya maabara inayodai kiasi kama ufundi huo.

Tuanze na kinachozuiwa. Neva zinapopeana habari hutumia kemikali, na mojawapo ni asetilikolini. Otto Loewi aliithibitisha njia hii mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura: maji yaliyopita kwenye moyo mmoja ambao neva yake imechokozwa, yakimiminwa kwenye moyo wa pili, yaliupunguza mwendo moyo ambao haukuguswa na chochote kingine. Lakini habari ikishafika lazima ifutwe, la sivyo msuli utabana usiachie. Kazi ya kufuta ni ya kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Kimeng'enya kimoja hukata maelfu ya molekuli za asetilikolini kwa sekunde. Ni miongoni mwa vimeng'enya vyenye kasi kubwa kabisa mwilini.

Mwaka 1976, Peter Davies na A. J. F. Maloney wa Edinburgh walionyesha kwamba bongo za watu waliokufa na Alzheimer zilikuwa zimepungukiwa sana na uwezo wa kutengeneza asetilikolini. Hoja iliyofuata ilikuwa nyepesi. Kama kinachotengenezwa ni kidogo, mpunguze kasi mfutaji, ili hicho kidogo kikae kidogo zaidi kabla hakijakatwa. Ufundi wote umo katika hilo neno "mpunguze". Kumsimamisha kabisa ni rahisi. Sumu nyingi za shambani zinafanya hivyo, na gesi za vita vilevile.

Jinsi ya kujua kama molekuli mpya inapunguza kasi ilirahisishwa na mtu anayeitwa George Ellman, mwaka 1961, na mpaka leo maabara za dunia nzima zinafanya alivyofanya. Ni jaribio lenye akili ya aina ninayoipenda, kwa sababu linaleta kazi isiyoonekana mbele ya macho. Badala ya asetilikolini yenyewe, kimeng'enya kinapewa pacha wake ambaye atomu yake moja ya oksijeni imebadilishwa kuwa salfa. Kimeng'enya hakitofautishi, kinakata. Kipande kinachotoka na salfa kinakutana na kemikali ya Ellman iliyokwishawekwa humo, na maji yanageuka manjano. Kadiri kimeng'enya kinavyokata, ndivyo manjano inavyokolea, na mashine ya kupima mwanga inausoma ukolevu huo kwenye nanomita 412.

Mkemia anakaa na bamba la plastiki lenye visima 96, kila kimoja kidogo kuliko ncha ya kidole. Katika visima vichache anaweka kimeng'enya bila kizuizi, aone manjano kamili. Katika vingine hakiweki kabisa, ajue ni manjano kiasi gani inayojitokeza yenyewe. Katika safu moja anaweka dawa ya zamani iliyokwishapimwa na dunia, iwe shahidi. Kwenye visima vilivyobaki inaingia molekuli yake mpya, kutoka kolezi hadi nyepesi, kila kisima nusu au theluthi ya kilichotangulia. Kimeng'enya chenyewe mara nyingi hutoka kwa samaki wa Amerika Kusini anayepiga umeme, maana kiungo chake cha umeme kimejaa asetilikolinesterasi. Kisha anasubiri, mashine inasoma dakika baada ya dakika, na mistari inaanza kupanda kwenye kioo. Ule unaopanda polepole ndio anaoutafuta.

Fundi mzuri haamini mstari huo upesi. Labda molekuli yake ni ya manjano yenyewe. Labda imeungana na kemikali ya Ellman kabla kimeng'enya hakijafanya lolote. Labda haikuyeyuka vizuri, na chembe zake zinazoelea ndizo zinazokatiza mwanga. Kila shaka ina jaribio lake, na yote yanafanywa. Baada ya hapo kuna swali la muda: akikichanganya kimeng'enya na kizuizi kwa nusu saa kwanza, nguvu inaongezeka? Akiuzimua mchanganyiko kwa maji mengi, kimeng'enya kinaamka tena? Kingine ni kumpima binamu wa kimeng'enya hiki aliye kwenye damu, butirilikolinesterasi, kwa sababu dawa inayomshika kila mtu wa ukoo huo huenda ikaleta kichefuchefu na kuharisha kabla haijafika kichwani. Siku hizi kuna pia programu za kompyuta zinazoonyesha molekuli ikijipachika ndani ya picha ya kimeng'enya, kwa rangi za kuvutia. Zinasaidia kuchagua pa kuanzia. Nina upendeleo hapa, siufichi: naamini zaidi kisima kilichobaki bila rangi.

Matokeo yanaandikwa kama kiasi kinachopunguza kasi ya kimeng'enya kwa nusu. Donepezili, dawa ya Alzheimer iliyoenea kuliko zote za aina hii, inafika nusu hiyo kwa takriban nanomola 6. Ukipiga hesabu, gramu moja yake ingetosha lita zaidi ya 400,000 za maji, yaani maboza 40 ya lita 10,000, na bado kila tone lingeweza kukipunguza kasi kimeng'enya kwa nusu.

Aliyeongoza kuitengeneza ni Hachiro Sugimoto wa kampuni ya Eisai, Japani. Aliingia kazini mwaka 1961 akiwa na elimu ya sekondari, akasoma chuo usiku. Mama yake alipatwa na ugonjwa wa kusahau, hata akawa hamtambui mwanawe. Miaka ya 1980 kundi lake lilianza na takrini, molekuli ya zamani yenye nguvu lakini inayochosha ini, wakajaribu kuitengeneza upya, wakashindwa. Mwanga ulitoka pasipotarajiwa: molekuli iliyotengenezwa kwa ajili ya mishipa ya damu iliwafanya panya waonyeshe dalili za asetilikolini kuzidi. Ilikuwa dhaifu. Wakaanza kuibadilisha, kiungo kwa kiungo, naitrojeni moja hapa kuwa kaboni, mnyororo pale kurefushwa, pete nyingine kufungwa.

Walitengeneza kama molekuli 700. Yafaa kulisimamia neno hilo "walitengeneza", maana kwenye ripoti linapita haraka. Kila moja ni siku au wiki za kuchemsha kwenye chupa, kutenganisha kwenye safu ya unga wa silika, kukausha, kupima kama kilichopatikana ndicho kilichokusudiwa, na mara nyingi kugundua sicho. Katika njia hiyo walipata moja yenye nguvu mara 21,000 kuliko ile ya kuanzia. Kwa fundi wa haraka, kazi ingekuwa imekwisha. Lakini ilipopewa wanyama iliingia mwilini kidogo mno na ikatoka mapema. Wakaiacha. Kuacha molekuli bora kabisa mezani kwa sababu haifai tumboni ni aina ya ujasiri usioandikwa kwenye hataza. Walichofika nacho mwisho, donepezili, kinakaa damuni kiasi kwamba saa 70 hupita kabla hakijapungua kwa nusu, kwa hiyo kidonge kimoja cha miligramu 5 au 10 kwa siku kinatosha. Takrini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1993, ilimezwa mara nne kwa siku, huku mgonjwa akipimwa damu kuchunguza ini. Donepezili iliidhinishwa huko Novemba 1996.

Kinachonistaajabisha zaidi ni kwamba walifanya hayo bila ramani. Umbo la kimeng'enya lilijulikana mwaka 1991 tu, Joel Sussman na Israel Silman wa Taasisi ya Weizmann walipochapisha muundo wa kile cha samaki aina ya Torpedo. Wote waliotegemea kuona kishimo kilicho wazi juu ya protini walishangaa: mahali pa kukata pamefichwa chini ya bonde jembamba lenye kina cha nanomita 2, kuta zake zimepambwa kwa pete za kaboni. Mwaka 1999 wakaipiga picha donepezili ikiwa ndani. Ilikuwa imelala kwa urefu wa bonde zima, ncha moja imeegemea pete ya triptofani chini kabisa, nyingine imeegemea triptofani mlangoni. Wajapani walikuwa wameipima ile nafasi kwa kupapasa, molekuli moja baada ya nyingine, wakaipata.

Donepezili hushika na kuachia bila kuunda kifungo cha kudumu. Kuna ukoo mwingine wa vizuizi unaofanya kazi kwa namna tofauti, na huu ndio ulio karibu nasi zaidi, ingawa watu wa Mkoa wa Kagera waliujua kama dawa ya kupulizia kuta. Ni kabamati.

Hapa ndipo lile daraja la njia moja la Rusumo linaponisaidia. Chini ya bonde la kimeng'enya kuna sehemu ndogo iitwayo serini, na kila molekuli ya asetilikolini lazima ipite juu yake, ikiacha kipande ambacho huondolewa kabla hujapepesa jicho. Kabamati inapita kama lori linaloharibikia katikati ya daraja: inaacha kipande kinachokaa dakika, au saa, kabla ya kusogea, na foleni nzima inangoja. Oganofosfati, ukoo wa zile sumu za shambani na gesi za vita, ni lori lililopinduka na kunasa kwenye vyuma. Likikaa muda, halitolewi tena, na mwili hauna budi kujenga daraja jipya.

Kabamati ya kwanza kujulikana ni ya Afrika. Ni fizostigmini, iliyomo kwenye haragwe la Calabar, Nigeria, ambalo zamani lilitumiwa kumlisha mtuhumiwa wa uchawi ili ijulikane kama ana hatia. Mwaka 1855 Robert Christison, profesa wa Edinburgh, alilila mwenyewe ajue linafanya nini, akajua. Mwaka 1864 Jobst na Hesse waliitoa kemikali yake, na mwaka 1926 Loewi akaonyesha kwamba inachozuia ni kile kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini. Kutoka mti huo mmoja wa mawazo yalitoka matawi mawili. Jerusalem, Marta Weinstock-Rosin alitengeneza rivastigmini kwa ajili ya Alzheimer. Wakemia wa kilimo nao wakatengeneza kabamati za kuulia wadudu, mojawapo bendiokabi.

Ukiziweka hizi mbili mezani utaona undugu wao. Kundi la atomu linalokaa juu ya serini linatofautiana kwa kaboni chache tu. Lile la bendiokabi ni fupi. Lile la rivastigmini ni nene zaidi, na linang'ang'ania muda mrefu zaidi: dawa yenyewe hupungua damuni kwa nusu ndani ya saa moja na nusu hivi, lakini kimeng'enya hubaki kimezuiwa saa kama 10. Fundi amenunua saa hizo kwa kaboni. Si hivyo tu. Ameifanya ipite ukuta unaoulinda ubongo, na dozi yake huanza ndogo na kupandishwa kwa wiki. Mbu aliyetua ukutani hapewi wiki.

Na mbu wa Kagera walitua. Wilayani Muleba, jirani wa Biharamulo kwa kaskazini, mbu walikuwa wameanza kuzizoea dawa za vyandarua. Mwaka 2011 na 2012 ulifanyika utafiti katika maeneo 50: yote yalikuwa na vyandarua, na 25 kati yake yalipuliziwa dawa-ukoko ya bendiokabi kwenye kuta za nyumba. Watoto wakapimwa malaria. Kwenye maeneo yaliyopuliziwa wastani wa walioambukizwa ulikuwa asilimia 13, kwenye mengine 26. Miaka michache baadaye Muleba hiyo hiyo ilipima chandarua chenye kiungo kiitwacho PBO, ambacho nacho ni kizuizi cha kimeng'enya, ila cha aina nyingine: kinazuia vile vimeng'enya anavyotumia mbu kuibomoa sumu. Shirika la Afya Duniani lilikiidhinisha mwaka 2017, likitegemea sana matokeo ya Muleba. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mwanza, na chuo cha tiba cha KCMC, Moshi, walikuwa sehemu ya kazi hiyo.

Mbu nao wanajibu. Afrika Magharibi wengi wana badiliko moja kwenye kimeng'enya chao: kiungo cha 119 katika mnyororo wake, glisini, kimekuwa serini, mahali palepale bondeni. Upana unapungua kidogo, na kabamati haiingii vizuri tena. Asetilikolini inaendelea kupita, japo kwa shida kidogo. Mkemia wa dawa akiiona hesabu hiyo anavua kofia, maana ni mabadiliko ya ukubwa uleule anaoufanyia kazi yeye, kwa upande wa pili.

Manjano ya Ellman imetoka maabara pia. Kuna vifaa vidogo vya kubeba vinavyoitumia kupima kimeng'enya kwenye tone la damu la kidole cha mpulizaji dawa au mkulima, kujua kama sumu imemfikia. Kwenye nchi ya kahawa na pamba, hicho si kitu cha mbali.

Lazima nikubali upande mgumu. Dawa hizi hazizuii ugonjwa usiendelee. Zinampa mgonjwa miezi ya kukumbuka vizuri zaidi kidogo, wengine zaidi ya hapo, wengine hakuna. Ndiyo maana wakemia wengi walikihamia kimeng'enya kingine, BACE1, ambacho hukata protini na kuanzisha madonge yanayojaa kwenye ubongo wa mgonjwa. Kilikuwa kigumu: bonde lake pana, na molekuli za kulijaza zilikuwa kubwa mno kupita ukuta wa ubongo. Ilichukua zaidi ya miaka kumi kuzipunguza. Verubesestati ya Merck ilifaulu kwa kila kipimo ambacho mkemia anaweza kukipanga: kidonge cha kumeza, ubongoni inafika, na kwenye maji ya uti wa mgongo protini ile ikapungua kwa zaidi ya nusu. Wagonjwa hawakupona. Jaribio lao kubwa lilisimamishwa Februari 2017, na la pili, la watu ambao ugonjwa ulikuwa bado mchanga, mwaka uliofuata, nao wakiwa wamefanya vibaya kidogo kuliko waliopewa kidonge kitupu. Sioni aibu kwa mafundi hapo. Walipewa kuezeka nyumba ambayo hawakuijenga, na paa lao halikuvuja.

Kwa hiyo vizuizi vya zamani bado vina kazi. Ulinzi wa hataza ya donepezili ulikwisha Marekani mwaka 2010, na bei imeshuka tangu hapo. Kinachokosekana kwetu ni hatua ya mwisho ya ufundi: kuipima kwa wazee wa huku, wenye chakula cha huku na dawa nyingine za huku, kwa maswali kama yale ya Hai. Wanaosema kazi ya namna hiyo haiwezekani vijijini wangeangalia daftari za Muleba, nyumba baada ya nyumba.

Rivastigmini inapatikana pia kama kiraka cha kubandika kwenye ngozi, kilichoidhinishwa mwaka 2007, kinachoachia dawa polepole kwa saa 24 ili tumbo lisisumbuke. Kwa mgonjwa anayekataa vidonge ni nafuu kubwa, na anayekibandika karibu kila mara ni binti au mkaza mwana. Maelekezo ni machache. Kibandikwe mgongoni au sehemu nyingine ya juu ya mwili, kwenye ngozi kavu isiyo na jeraha. Palepale pasirudiwe kabla ya siku 14. Na cha jana kibanduliwe kwanza: wapo wagonjwa waliofikishwa hospitali wakitapika, mapigo ya moyo yameshuka, na viraka viwili au vitatu bado vimekaa mgongoni.